Uwanda kwenye grafu ya usumaku: piga hesabu kwanza, ndipo upime

Uwanda wangu wa kwanza, yaani sehemu ya grafu ya usumaku inayolala wakati uga unaongezeka, ulikuwa wa uongo. Nilikuwa nimepima unga wa Dy₂Ti₂O₇, oksidi ya disprosi na titani, kwenye kelvini 2. Grafu ikapanda kwa kasi, kisha ikaanza kulala karibu na 5 μB (magnetoni ya Bohr, kipimo cha momenti, yaani nguvu ya sumaku ya atomu) kwa kila atomu ya disprosi. Nilijua disprosi ina 10 μB. Nusu kamili! Nikaichapa, nikapiga mstari mwekundu kwenye 1/2, nikaibandika ukutani juu ya meza yangu. Fundi aliyekuwa akitujazia heli kimiminika akapita, akaitazama, akauliza: "Hiyo ni fuwele au unga?" Nikamjibu ni unga. Hakusema kitu, akaendelea kusukuma tangi lake.

Ilinichukua siku mbili kuelewa alichoniuliza. Ndani ya Dy₂Ti₂O₇ kila spini, yaani sumaku ndogo ya atomu, imefungwa kwenye mhimili wake na haiwezi kugeukia pengine, inaweza tu kuelekea mbele au nyuma. Kwenye unga mihimili hiyo imetawanyika pande zote, na uga sumaku wa nje unaona tu kile kipande cha spini kinachoelekea upande wake. Ukichukua wastani wa pande zote unapata nusu. Basi unga wowote wa spini za aina hii hushiba, yaani huacha kupanda, kwenye nusu, uwe na mambo ya ajabu ndani yake au usiwe nayo. Nilikuwa nimepima wastani wa kosaini nikaupigia makofi.

Tangu siku hiyo sipeleki fuwele kwenye mashine kabla sijaandika kwenye daftari namba ninazozitarajia. Mengine yote hapa chini yanafuata tabia hiyo.

Kwanza, tunatafuta nini

Weka spini tatu kwenye pembe za pembetatu, kila moja ikitaka kuelekea kinyume cha jirani yake. Mbili zitapatana. Ya tatu ikimridhisha jirani huyu inamuudhi yule. Huo ndio mkwamo, na mmoja wa watu wa kwanza kuhesabu matokeo yake kwa wavu mzima wa pembetatu alikuwa mwanafizikia Wannier mwaka 1950: hata kwenye sifuri ya halijoto zinabaki njia nyingi mno za kupanga spini, zote zenye nishati ileile, kiasi kwamba entropia haiishi.

Sasa washa uga wa nje, uuongeze polepole. Sumaku ya kawaida inapanda bila kusita mpaka ishibe, yaani mpaka spini zote zifuate uga. Sumaku iliyokwama hupanda, ikafika mahali ikagoma: uga unaongezeka, usumaku haubadiliki. Mstari unalala. Kisha ghafla unaruka tena. Sehemu hiyo iliyolala ndiyo ninayoiita uwanda, na kwa kawaida iko kwenye sehemu nadhifu ya mshibo: theluthi, nusu, wakati mwingine vipande vidogo zaidi. Uga umechagua mpangilio mmoja kati ya ile mingi, na mpangilio huo una ukaidi wake.

Kwa nini madini adimu, kama disprosi? Kwa sababu elektroni zao za ngazi ya 4f zimejificha ndani ya atomu. Momenti zao ni kubwa, mvutano kati yao ni mdogo, hivyo uga wa tesla chache unatosha kukuonyesha hadithi nzima kuanzia mwanzo hadi mshibo. Kwenye sumaku nyingi za shaba ungehitaji makumi ya tesla. Gharama yake unailipa upande wa baridi: mvutano mdogo maana yake ni kwamba mambo mengi hutokea chini ya kelvini 1.

Hesabu ya mezani

Chukua karatasi. Kwanza andika momenti kamili ya ioni, ambayo ni g mara J, namba mbili za ioni unazozikuta kwenye majedwali. Kwa disprosi, g ni 4/3 na J ni 15/2, unapata 10. Holmi nayo inakupa 10 (5/4 mara 8). Thuli inakupa 7, erbi 9, gadolini 7, yterbi 4. Lakini yterbi usiiamini sana hiyo 4: uga wa umeme unaotoka kwa atomu jirani ndani ya fuwele huigawanya, na ile jozi ya ngazi za chini za nishati inayobaki kwenye baridi huwa na momenti ndogo zaidi. Kwenye YbMgGaO₄, kwa mfano, g ya jozi hiyo ni karibu 3.7 sambamba na mhimili c wa fuwele na karibu 3.06 ukipima wima kwake, na mshibo ni nusu ya g. Unatarajia takriban 1.9 na 1.5 μB, si 4. Nimeshamwona mtu akigawanya kwa 4 na kupata "uwanda" usiokuwepo.

Hatua ya pili ni jiometri. Rudi kwenye Dy₂Ti₂O₇, safari hii fuwele moja, uga ukielekea [111], yaani kwenye ulalo wa mchemraba wa fuwele. Disprosi zimekaa kwenye pembe za piramidi za pembe nne, na sheria ya wakaazi wa kila piramidi ni moja: spini mbili ziingie ndani, mbili zitoke nje, kama haidrojeni zinavyojipanga kwenye barafu. Ndiyo maana huitwa barafu ya spini. Katika kila piramidi spini moja imesimama sambamba na uga, inatoa 10 kamili. Tatu zilizobaki zimeinama, kila moja inatoa theluthi tu: 3.33. Sheria ya mbili-mbili inalazimisha moja ya hizo tatu ielekee kinyume cha uga. Jumlisha: 10 + 3.33 + 3.33 − 3.33 = 13.33. Gawanya kwa nne: 3.33 μB kwa disprosi. Huo ndio uwanda. Uga ukizidi kuwa mkubwa, spini ile kaidi inavunja sheria na kugeuka: 10 + 3.33 × 3 = 20, gawanya kwa nne, 5. Huo ndio mshibo.

Umeona mtego? Mshibo wa fuwele kwenye [111] ni 5, na mshibo wa unga ni 5. Namba moja, sababu mbili zisizohusiana. Na je, 3.33 ni theluthi au ni theluthi mbili? Ukigawanya kwa 10 ni 1/3, ukigawanya kwa 5 ni 2/3. Watu wamebishana juu ya grafu moja kwa sababu hii tu. Mimi siandiki sehemu kwenye grafu. Naandika μB kwa atomu, na anayetaka kugawanya ajigawie.

Kwa wavu wa pembetatu hesabu ni fupi zaidi. Spini mbili juu, moja chini: theluthi. Na karatasi hiyohiyo inakupa mwisho wa uwanda. Ile spini ya chini imezungukwa na majirani sita, wote juu. Andika spini kama +1 na −1, J (si ile J ya ioni ya hapo juu) iwe nguvu ya mvutano kwa kila jozi, na h nguvu ya uga. Kuigeuza kunagharimu 12J na kunalipwa 2h na uga. Inageuka h ikifika 6J. Ukipima mahali uwanda unapoishia, umepima J, bila programu yoyote. Hii ni kwa spini za mhimili mmoja. Spini zinazoweza kuelekea popote zina uwanda wa theluthi pia, ila pale unatokana na mitikisiko: Chubukov na Golosov walionyesha mwaka 1991 kwamba mitikisiko ya kikwanta inatosha kuuimarisha mpangilio wa juu-juu-chini. NaYbO₂ iliuonyesha katika kazi iliyotoka 2019.

Kuna kipimo kingine cha haraka cha kujua kama sehemu uliyoiona ina maana, kutoka kwa Oshikawa, Yamanaka na Affleck, 1997. Chukua idadi ya spini kwenye kipande kinachojirudia cha mpangilio, uizidishe kwa tofauti ya spini kamili na usumaku kwa spini. Jibu liwe namba nzima. Kwa juu-juu-chini: spini tatu, kila moja 1/2, usumaku 1/6. Tatu mara theluthi ni moja. Inapita. Kanuni hii ilitungwa kwa minyororo, na inadai usumaku uhifadhike kuzunguka mhimili wa uga, sharti ambalo madini adimu mengi hayalitimizi kwa ukamilifu. Kwa hiyo naitumia kama swali, si kama hakimu. Matokeo yake ya vitendo ni haya: usitegemee uwanda wa madini adimu uwe bapa kama meza. Ukiwa na mwinamo mdogo usiogope.

Fuwele gani ya kuanzia

Ningekuwa naanza leo, ningeomba TmB₄. Atomu za thuli zimejipanga kwenye wavu wa miraba na pembetatu ambao watu huuita wa Shastry na Sutherland, mpangilio wa kwanza wa spini unaanza kwenye kelvini 11.7, na mshibo unapatikana karibu na tesla 4 uga ukiwa sambamba na mhimili c. Yaani magnetomita (kipima usumaku) ya kawaida ya SQUID inayofika kelvini 2 inatosha. Uwanda wake mkuu ni nusu: 3.5 kati ya 7 μB. Jambo la kuchekesha ni kwamba mfano rahisi wa wavu huo, wenye majirani wa karibu tu, unatabiri theluthi. Nusu inahitaji mvutano unaofika mbali zaidi, na kwenye metali kama hii elektroni zinazotembea ndizo zinazoubeba.

Fuwele za aina ya SrDy₂O₄ na SrHo₂O₄ ziache kwa baadaye. Zina makao mawili tofauti ya ioni, na kila kao lina mhimili wake linaoupenda. Ukigawanya kwa ioni zote kumbe nusu yake haishiriki upande huo, hesabu inaharibika. Uwanda wa theluthi uga ukiwa kwenye mhimili b upo kweli, ila ni theluthi ya walioitikia.

Kuielekeza na kuifunga

Piga picha ya Laue kwa eksirei, inayoonyesha fuwele imeelekea wapi, kata, piga picha tena baada ya kukata. Mara ya pili ndiyo watu huiruka, na msumeno huwa na mawazo yake. Mimi naikubali fuwele ikiwa ndani ya digrii moja. Kwenye barafu ya spini, kupinda kidogo kutoka [111] kunaipendelea moja ya zile spini tatu. Uwanda utabaki kwenye 3.33, lakini ule uhuru wa spini kaidi kuwa yoyote kati ya tatu unapungua, na ukipima entropia utashangaa imeenda wapi.

Kuhusu gundi niwe mkali. Fuwele ya TmB₄ ya miligramu 10 ikishiba ina karibu emu 1.8 (emu ni kipimo cha momenti ambacho mashine inasoma). Kwenye tesla 4, ikiwa imepinda digrii tano tu, nguvu ya kuizungusha inaizidi ile ya uzito wake kwa maelfu ya mara. Grisi haitoshi. Niliwahi kutumia grisi, na kwenye tesla 1.3 grafu ikaruka vizuri sana, wima, kama mabadiliko ya awamu ya kitabuni. Niliporudisha uga sifuri na kupanda tena, mruko haukuwepo. Fuwele ilikuwa imejigeuza. Tumia vanishi, iache ikauke usiku kucha, na ikiwezekana ibane kati ya vipande viwili vya kijiti cha kwatzi. Mruko wowote usiojirudia mara ya pili mshuku gundi kabla hujamshuku spini.

Pia pima uzito kabla ya kubandika, si baada. Kwa Dy₂Ti₂O₇, miligramu 10 ni takriban 3.75 × 10⁻⁵ mol ya disprosi. μB moja kwa atomu ni emu 5585 kwa mol. Uwanda unatakiwa kusomeka karibu emu 0.70, mshibo 1.05. Ziandike hizi namba mbili kwenye kipande cha karatasi, zibandike kwenye skrini. Ukiona 0.62 utajua papo hapo kuna tatizo, badala ya kujua wiki ijayo.

Uga unaoujua wewe si uga inaoujua fuwele

Hapa ndipo grafu nyingi huharibikia, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Fuwele ikisumakika inatengeneza uga wake unaopinga ule wa nje. Uga wa ndani ni ule wa nje ukitoa N mara usumaku, na N inategemea umbo: 1/3 kwa tufe, karibu 1 kwa bamba jembamba lililosimama wima kwa uga, karibu 0 kwa sindano iliyolala sambamba nao. Kwenye sumaku dhaifu unaweza kusahau. Kwenye disprosi huwezi. Kila disprosi ina ujazo wa angstromu za ujazo 64 hivi, na 3.33 μB kwenye ujazo huo ni sawa na tesla 0.60. Kwenye mshibo ni 0.90. Mruko wenyewe kutoka uwandani kwenda mshibo hutokea kwenye uga wa ndani wa karibu tesla 0.9. Kwa hiyo masahihisho yana ukubwa uleule wa kitu unachokipima!

Tufe litauona mruko umehama kwa tesla 0.2 na kutandazwa juu ya 0.1. Bamba lenye N ya 0.9 litautandaza juu ya tesla 0.27, na mruko mkali utaonekana kama kilima cha upole. Mtu akikuonyesha mruko mpana na kusema fuwele yake ni chafu, muulize umbo lake kwanza.

Dawa ni kukata kijiti kirefu sambamba na uga. Urefu mara nne ya upana unashusha N hadi karibu 0.1. Kisha sahihisha hata hicho kidogo. Na kuna njia ya kujikagua: baada ya masahihisho, mruko wa kweli unasimama wima. Ukiwa bado umelala upande wa kulia, N uliyotumia ni ndogo. Ukirudi nyuma kama herufi S, N ni kubwa mno, kwa sababu hakuna sumaku tulivu ambayo usumaku wake unapanda uga wa ndani ukishuka. Ila usiikaze N mpaka mstari upendeze. Ihesabu kutokana na vipimo vya kijiti, halafu ikague kwa mruko.

Baridi na subira

Poza bila uga wowote. Panda hadi mshibo, shuka hadi sifuri, panda tena. Mistari mitatu, kila mara. Ukipima kupanda peke yake umepima nusu ya habari. Kwenye TmB₄ vipande vidogo kama 1/7 na 1/9, vilivyoripotiwa mwaka 2008, hutegemea umetokea wapi: njia ya kupanda na ya kushuka hazikutani.

Dy₂Ti₂O₇ kwenye kelvini 1.8 inakupa kigongo tu mahali ambapo uwanda ungekuwa. Kwenye 0.5 uwanda unajitokeza wazi. Lakini chini ya kelvini 0.6 hivi spini zinaanza kuganda, na kitu kisichosogea kwa sababu kimeganda kinafanana sana, kwenye grafu, na kitu kisichosogea kwa sababu ya uwanda. Kuvitofautisha ni rahisi ila kunachosha: simamisha uga katikati ya uwanda, subiri dakika kumi, tazama kama usumaku unateleza. Ukiteleza, huo si uwanda, ni foleni. Punguza kasi ya uga, urudie.

Kubadilisha uga pia kunabadilisha halijoto ya fuwele yenyewe. Kipimajoto kinasoma 0.5 kwa furaha wakati fuwele iko 0.7. Hasa ukipita kwenye mruko. Kwa uga wa mapigo, unaopita ndani ya milisekunde, joto halina hata muda wa kutoka; grafu hizo zisome ukijua kwamba halijoto iliyoandikwa juu yake ni ya mwanzo wa safari.

Na ukiona kigongo karibu na kelvini 50 unapopima usumaku dhidi ya halijoto, usiandike barua kwa mtu yeyote. Hiyo ni oksijeni ya hewa iliyoganda ndani ya mashine. Safisha, anza upya.

Kusoma grafu

Chora dM/dH, yaani mteremko wa usumaku (M) dhidi ya uga (H), kando ya M. Uwanda ni bonde, mipaka yake ni vilele viwili, na uga wa vilele hivyo ndio unaoingia kwenye ramani ya awamu. Fanya hivyo kwa halijoto sita au saba. Uwanda wa spini za mhimili mmoja unakuwa mkali kadiri unavyopoza, katikati yake ikibaki palepale. Ukiona katikati inahama, nenda ukaangalie tena gundi.

Juu ya mshibo mstari mara nyingi unaendelea kupanda kidogo kidogo. Hizo ni ngazi za juu za ioni zinazochanganywa na uga, na mteremko wake unaruhusiwa kuutoa kwenye grafu nzima. Kinachokatazwa, kwangu mimi, ni kuchukua mteremko wa uwanda wenyewe, kuutoa, kisha kutangaza kwamba uwanda ni bapa. Nimelipitia jambo hilo kwenye rasimu mbili na zote nilizirudisha.

Hata uwanda ukiwa kwenye namba sahihi, umejua sehemu tu, hujajua mpangilio. Theluthi yaweza kuwa juu-juu-chini iliyopangika vizuri kama askari, au hali kama ile ya barafu ya spini ambapo spini kaidi iko popote kati ya tatu. Uwezo joto utakupa entropia, nao utakuambia kama kuna uhuru uliobaki. Mpangilio wenyewe unaonekana kwa nyutroni. Kabla hujaomba muda wa nyutroni, angalia atomu yako inazimeza kiasi gani. Gadolini ya kawaida inazimeza karibu zote, disprosi nyingi. Hapo fuwele hukuzwa kwa isotopu teule, 160Gd au 162Dy, na bei yake itakufanya ujute kutochagua holmi. Kwa upande wangu nilichagua holmi. Kijiti cha Ho₂Ti₂O₇ kiko kwenye vanishi tangu jana jioni, na kwenye skrini kuna karatasi yenye namba mbili.